Uzio wa mnyaa: hakikisha kabla ya kukata

Ndugu, mti wa uani usio na majani, wenye vijiti vya kijani vya mviringo vinene kama penseli, karibu hakika ni mnyaa. Vunja kakijiti kamoja, ukikaweka mbali na uso: utomvu mweupe ukichuruzika papo hapo, usiukate mti huo hivihivi. Utomvu peke yake si ushahidi, maana hata mpapai na mfenesi huutoa. Angalia na umbo.

Hatari kubwa ya utomvu wa mnyaa ni kwa macho. Panga hurusha matone, kwa hiyo tumia msumeno wa mkono taratibu, ukivaa miwani iliyoziba pembeni, glavu na mikono mirefu. Usichome matawi mabichi, moshi wake unawasha. Tone likiingia jichoni usifikiche: suuza kwa maji safi yanayotiririka angalau dakika 15, kisha hospitali, hata kama unaona vizuri, maumivu huweza kuzidi baada ya saa kadhaa.