Sukari 14 au maji ya bibo?

SWALI: Shikamoo daktari. Nimegundulika na kisukari aina ya pili, natumia metformini miligramu 500 asubuhi na jioni, tumbo linavuruga. Juzi nimetoka kuokota korosho, nikapima kabla ya kula: 14. Nikaoga, nikapima tena: 8. Mashine mbovu? Na ming'oko, ile mizizi ya porini, niache?
Msomaji, Masasi

JIBU: Marahaba. Shuku kidole kwanza. Maji ya bibo, tunda la korosho, yakikaukia kwenye ngozi, sukari yake huchanganyika na tone la damu, namba ikapaa. Nawa kwa sabuni, kausha kabisa, toboa ubavuni mwa ncha ya kidole. Katikati panauma zaidi. Kopo la stripu, vile vipande vya kupimia, lifunge papo hapo, unyevu huziharibu. Kabla ya kula, wengi hulenga 4.4 hadi 7.2.

Metformini imeze pamoja na chakula, si tumbo tupu. Tumbo kwa kawaida hutulia baada ya wiki chache. Lisipotulia, rudi kliniki. Kuna aina inayoyeyuka taratibu. Usiache mwenyewe.

Ming'oko kula, ila ni wanga: ikiwepo, ugali wa muhogo usiwepo. Robo ya sahani inatosha, nusu iwe kisamvu au matembele, robo samaki. Juisi ya mabibo, hapana.

Metformini peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Ukiongezewa glibenklamidi, dawa nyingine ya kisukari, tembea na sukari mfukoni. Ukitetemeka na kutoka jasho, kipimo kikiwa chini ya 3.9, koroga sukari vijiko vidogo vitatu kwenye maji, kunywa, pima tena baada ya dakika 15.