Usimkabidhi simu kabla ya kuona salio

Dada, umeuliza kama ni salama kumkabidhi simu yako unayoiuza mwendesha bodaboda aliyetumwa na mnunuzi wa Kakamega, kwa kuwa umepokea ujumbe unaosema kwamba fedha zimeingia. Nakusihi usimkabidhi bado. Mtu yeyote anaweza kuandika ujumbe unaofanana na ule wa M-Pesa, kwa hivyo fungua menyu wewe mwenyewe, uangalie salio, wala usikubali kuharakishwa na kijana anayesubiri mlangoni, ambaye huenda naye hajui lolote.

Hata salio likiongezeka, kumbuka kwamba aliyelipa anaweza kupeleka ujumbe wa muamala kwenye nambari 456, ile ya Safaricom ya kuomba kurudishiwa fedha zilizotumwa kimakosa, akidai alikosea, na fedha hizo zikazuiliwa ombi lake likichunguzwa. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu simu itakuwa imekwisha kufika mbali na itakuwa vigumu kumfuatilia mtu usiyewahi kumwona. Ningependelea mnunuzi aje mwenyewe Kisumu mchana, mkutane mahali penye watu wengi na walinzi, alipe mbele yako, kisha mwandikiane hati fupi yenye majina yenu, nambari za vitambulisho na nambari ya IMEI, yaani nambari ya kipekee ya kuitambulisha simu, ambayo utaiona ukibonyeza *#06#. Hati hiyo itamkinga naye pia, asije akashukiwa kununua simu ya wizi.

Akisema ametuma fedha za ziada kimakosa na kukuomba umrudishie tofauti, usitume chochote. Mwambie afuate utaratibu wa 456.