Re: Begi la bei nafuu kwa mdogo wangu anayeenda kusoma Ujerumani

Dada, kwa miaka miwili ya masomo usihangaike na seti mpya ya mabegi matatu. Nendeni soko la Memorial hapa Moshi, kwenye mitumba, mtafute begi moja kubwa la matairi. Mwombeni muuzaji mlijaze nguo, kisha mdogo wako alivute kwenye kokoto. Tairi bovu litajionyesha hapohapo. Zipu ifungueni na kuifunga mara kadhaa, hasa kwenye kona. Pimeni uzito likiwa tupu, maana mashirika mengi ya ndege huruhusu kilo 23, na begi lenyewe likiwa kilo 5 zinabaki 18 tu. Urefu, upana na kina kwa jumla visizidi sentimita 158. Koti zito alivae safarini. Vyeti na pawabenki vikae begi la mkononi, tafadhali sana.