Zhixian ni hakimu?

Swali: Natafsiri kisa cha China ya enzi ya Qing kutoka Kiingereza. Mhusika mkuu ni zhixian, na kamusi inaniongoza kumwita "hakimu". Lakini huyohuyo anakusanya kodi na kutuma askari wakamate wezi. Hakimu gani huyu?

Jibu: Umeshtuka pale panapostahili. Huyo ni mkuu wa wilaya, na ndivyo ningemwandika. Zhi ni kujua, xian ni wilaya: ni mtu "anayeijua wilaya", yaani aliyekabidhiwa mambo yake yote. Kodi yake, ulinzi wake, mitihani ya awali ya wasomi yake, na kesi vilevile. Wananchi walimwita afisa baba-na-mama. Ukimwita hakimu, umemwona siku ya kesi tu.

Wengine watakushauri "liwali". Ni neno zuri, maana liwali naye alitumwa na mtawala aliye mbali akaushike mji. Ila msomaji akilisikia tu, anauona mji wa pwani, bendera ya Sultani na kadhi jirani yake. Kisa chako kitahamia Lamu bila wewe kutaka.

Kisha tenganisha wadhifa na daraja, kwa sababu "cheo" kwetu hubeba yote mawili. Maafisa walipangwa madaraja tisa, kila moja likiwa na ngazi mbili. Zhixian wa kawaida alikuwa wa daraja la saba: kifuani mwa joho lake palishonwa kitambaa chenye picha ya bata iliyotariziwa, ilhali afisa wa daraja la kwanza alivaa korongo. Basi andika "mkuu wa wilaya, afisa wa daraja la saba", na mwandishi akitaja bata, usimwache nje. Mchina aliyemwona njiani alijua papo hapo anasalimiana na nani.

Kosa la aina hiyo hulikuta pia kwa Zheng He, aliyeongoza merikebu za enzi ya Kaisari Yongle, enzi ambayo twiga wa Malindi alifikishwa China mwaka 1415. Huandikwa "towashi Zheng He", basi. Utowashi ni hali ya mwili. Wadhifa wake ulikuwa taijian, mkuu wa idara ya ndani ya kasri. Mpe wadhifa kwanza.

Zhixian lenyewe liweke mara moja, anapotokea mara ya kwanza, kisha endelea na "mkuu wa wilaya" hadi mwisho.