Maswali na Majibu: Baada ya Vipindi, Mlimani Kuna Nini?

Barua za safari hii karibu zote zimetoka Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nimechagua tano.

Nipo mwaka wa kwanza, uhandisi. Naona mabango ya mihadhara Ukumbi wa Nkrumah. Ni ya watu wa historia na siasa tu? Kuna kiingilio?

Nenda. Mihadhara ya wazi kwa kawaida ni bure, na mlangoni hakuna anayekuuliza unasoma kozi gani. Ukumbi huo (uliokuwa kwenye noti ya shilingi 500) ndio uwanja mkuu wa mijadala chuoni. Kigoda cha Mwalimu Nyerere, yaani kiti cha uprofesa cha chuo, kilipoanzishwa mwaka 2008, mwanasheria Issa Shivji akiwa wa kwanza kukikalia, kilianza kuwaita wanazuoni wakubwa. Mwaka 2009 alikuja Wole Soyinka, mwandishi wa Nigeria. Tena wewe wa uhandisi chagua mada ya ardhi au historia. Siku moja utapewa barabara ya kujenga, wanakijiji wagome kupisha, na hesabu zako zote zisikusaidie. Nusu saa ya kwanza huishia kwenye itifaki na kutambulisha meza kuu, kwa hiyo ukichelewa kutoka maabara usirudi bwenini.

Nahudhuria makongamano lakini sijawahi kuuliza swali. Kiingereza changu kinanitoa jasho. (Mwaka wa pili, Elimu)

Uliza kwa Kiswahili. Chuo chako ndicho chenye TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, ambayo ilipokuwa bado ikiitwa TUKI ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981; hapo ukionewa aibu kwa Kiswahili, aibu si yako. Kinachowachosha watu ni hotuba inayojificha ndani ya swali, mtu anashukuru waandaaji, anasimulia kijiji chao, kisha anasema "ni hayo tu." Andika swali lako kwenye daftari mzungumzaji akiwa bado anaongea, lipunguze liwe sentensi mbili, nyoosha mkono mapema. Kiingereza nacho kifanyie kazi, maana mitihani haina huruma, ila usikisubiri. Na kama unafundishwa Kiswahili, waulize wenzako habari za CHAWAKAMA, chama cha wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Makongamano yake hukukutanisha na wenzako wa nchi jirani.

Tupo sita, tunataka kikundi cha kusoma na kujadili vitabu. Tumeomba chumba, tumezungushwa mpaka tumechoka. Hela hatuna.

Chumba cha nini? Vimbweta, zile meza na viti vya nje vya kujisomea, vimejaa chuo kizima. Kaeni hapo, siku moja ile ile kila wiki, mje na sura moja iliyosomwa na wote.

Wenzenu waliowatangulia hawakuwa na kikubwa zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wa USARF, jumuiya ya wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika hapo chuoni, ambayo Yoweri Museveni, aliyekuja kuwa Rais wa Uganda, aliwahi kuwa mwenyekiti wake, walikuwa na madarasa yao ya Jumapili, wakisoma vitabu visivyokuwa kwenye mtaala. Walter Rodney, mhadhiri kijana kutoka Guyana, alikuwa akikaa nao. Mwaka 1969 wakaanzisha jarida, Cheche, lililochapwa kwa stensili; miongoni mwa wahariri wake walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Novemba 1970 serikali ikalipiga marufuku pamoja na USARF yenyewe. Siwachochei mfungiwe. Nasema kundi dogo linalosoma kweli kweli lilishtua hata serikali iliyojiita ya kijamaa. Mkishazoeana, ndipo muende kwa Mshauri wa Wanafunzi kusajili. Kikundi kinachokutana tayari ni kigumu kukizungusha.

Binti yangu ameomba nauli ya kwenda tamasha la muziki la Sauti za Busara, Zanzibar. Anasema ni sehemu ya masomo. Bumu lake, hela ya mkopo ya kujikimu, limeisha. (Mama, Singida)

Shikamoo mama. Tamasha lipo kweli, tangu 2004, hufanyika Februari. Kama anasoma sanaa ana hoja. Kama anasoma uhasibu, ana hamu tu, nayo si dhambi, ila mwambie aanze na ya karibu: maonyesho ya wanafunzi wa sanaa hapo hapo chuoni, kisha Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, kwa daladala. Akirudi akakusimulia alichokiona, mwakani mchangie boti.

Maktaba mpya ni kubwa sana. Ukweli, huwa naenda kulala kwenye kiyoyozi.

Hauko peke yako. Jengo hilo, lililofunguliwa 2018 kwa msaada wa China, lilijengwa kubeba zaidi ya watu 2,000 kwa wakati mmoja, na wasinziaji wamo kwenye hesabu. Ukiamka, waulize wakutubi mkusanyo wa East Africana, yaani maandishi kuhusu Afrika Mashariki, kisha omba magazeti ya mwaka aliozaliwa babu yako.