Chanjo ya lazima na haki ya kuridhia: majibu kwa wasomaji

*Ndugu, kuna miswada inayotaka mtu asichanjwe bila ridhaa yake. Ridhaa si ile fomu tunayosaini?*

Sahihi peke yake haitoshi. Ridhaa ni kuelezwa kwa lugha unayoielewa chanjo inakinga nini, ina madhara gani, ya kawaida na ya nadra, na hatari ya kutochanjwa. Kisha uulize, ujibiwe, ndipo uamue. Wengi wanaopinga chanjo ya lazima hutaja Kanuni za Nuremberg za 1947, zilizotokana na kesi ya madaktari wa Kinazi, lakini zile zilihusu majaribio kwa binadamu, si chanjo iliyokwisha kuidhinishwa. Hata hivyo simlaumu mtu mwenye wasiwasi. Kule Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume Weusi wenye kaswende walifichwa ugonjwa wao na kunyimwa tiba. Anayeyakumbuka hayo ana haki ya kudai maelezo kwanza.

*Chanjo ikiwa ya lazima, nitakamatwa nidungwe kwa nguvu?*

Mara nyingi sheria hizi huweka adhabu, hazimshiki mtu mkono. Mwaka 1905, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali uwezo wa jimbo la Massachusetts kulazimisha chanjo ya ndui; aliyekataa alitozwa faini ya dola 5. Mwaka 2021, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona Jamhuri ya Cheki haikukiuka haki kwa kumtoza mzazi faini na kuwanyima watoto wasiochanjwa nafasi katika shule za chekechea. Kwa hiyo ukipata muswada wa chanjo ya lazima, tafuta kwanza kifungu cha adhabu.

*Nikichanjwa kwa kuogopa kufukuzwa kazi, nimeridhia?*

Kwangu mimi, hapana, si kikamilifu. Ndiyo maana nataka serikali ithibitishe hitaji kabla ya kumtia mtu katika hofu hiyo, tena kwa kila ugonjwa peke yake. Surua huenea kwa kasi mno, na kuizuia kunahitaji takriban asilimia 95 ya watu wawe na kinga. Mtoto mchanga ambaye hajafikia umri wa kuchanjwa hana ngao nyingine ila sisi. Hapo naunga mkono sharti la mtoto kuchanjwa kabla ya kuanza shule. Kwa Korona, chanjo ilipunguza sana ugonjwa mkali na vifo, ila kinga dhidi ya maambukizi ilishuka baada ya miezi. Austria iliwalazimisha watu wazima kuchanjwa Februari 2022, ikasitisha Machi, na mwaka huohuo ikaifuta sheria.

*Je, miswada hii ya ridhaa itaondoa cheti cha homa ya manjano mpakani?*

Hapana. Nchi unayokwenda ndiyo inayoweka masharti yake.

*Mwanangu akidhurika, nani atalipa?*

Swali hili, mama, lingepaswa kuulizwa kabla ya yote. Madhara makubwa ni nadra, lakini yapo. Tangu sheria ya 1986, Marekani ina mfuko wa fidia unaochangiwa na kodi ndogo katika kila dozi. Muswada unaolazimisha chanjo bila kifungu cha fidia nisingeupigia kura, ingawa wanangu wote wamechanjwa.