Nilipandia Urambo

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: "Ukiishi Dar, bado unajivunia kwenu au umeshakuwa mtu wa mjini?" Mimi ni wa Kigoma, Dar nina miaka 17, na jibu nilikuwa nalo kabla sijamaliza kusoma swali: anayeona haya kutaja kwao hakulelewa. Basi nikachukua kalamu.

Watu wa Moshi kujivunia hakuwagharimu kitu. Desemba wanajaza mabasi pale Mbezi, tunawatania kwamba wanakwenda kuhesabiwa, wanacheka, wanakwenda zao. Sisi wa mwisho wa reli ukitaja kwenu linafuata swali la pili: "Kigoma hii hii, au ng'ambo?" Kiha na Kirundi vinasikilizana, wakimbizi wa Burundi tumewapokea kwa wingi tangu 1972, kwa hiyo mwenye lafudhi yangu anatakiwa amtaje babu, kisha baba yake babu. Anayeuliza anatania. Wewe mkono umeshaingia mfukoni kutafuta kitambulisho. Mngeuliza nani anaruhusiwa kujivunia bila kukaguliwa, hapo tungeelewana.

Mwaka 2009 nilipata kazi ya kupakua mizigo kwenye ghala moja Kariakoo. Siku ya kwanza msimamizi akaniuliza, "Dogo, wa wapi wewe?" Nikasema Tabora. Ilinitoka tu. Treni si inapita Tabora? Akauliza, Tabora ipi? Nikasema Urambo. Urambo nilikuwa naijua kwa dirisha la behewa: vumbi, na kina mama wanaokimbia na chupa za asali treni inapoanza kuondoka.

Niliishi na Urambo yangu miezi minne. Baba nikampa shamba la tumbaku, maana nilisikia huko ndiyo inayolimwa. Mama akituma dagaa na mgebuka, nasema vimetoka kwa shemeji. Kidumu cha mawese nilikisukumia chini ya kitanda. Mawese yanataja kwenu hujafungua mdomo.

Asubuhi moja likaja lori jipya, dereva mzee wa mvi. Msimamizi akapiga kelele, "Mzee, njoo umwone kijana wenu wa Urambo!" Mzee akaja amefurahi kweli, mkono mbele, na salamu ya Kinyamwezi:

"Mwangaluka!"

Nikajibu, "Marahaba."

Magunia yalishushwa. Jamaa mmoja alikaa sakafuni kabisa, machozi yanamtoka. Kijana wa miaka 22 anamwitikia marahaba mzee wa watu! Walicheka mpaka muuza chai wa nje akaingia kuuliza kulikoni. Mzee peke yake hakucheka. Aliuliza tu tairi zake zimekaaje, akatoka, na mimi nikabaki nimesimama na gunia la mchele begani kama nguzo.

Saa nne akanifuata na kikombe chake. "Mwanangu, nimekusikia ukiongea na simu. Treni umepandia Kigoma. Mbona unasema umepandia kwetu?" Sikuwa na la kusema. Akaniambia nikiulizwa tena Kigoma ipi, nijibu: ile ambayo treni ikifika inakosa pa kwenda.

Kuanzia siku hiyo ghalani nikaitwa Mwisho wa Reli, na nililipenda jina hilo kuliko la kwangu. Kumbe hakuna aliyekuwa na shida na Kigoma. Au pengine ghala lile ndilo halikuwa na shida. Nimepita ofisi ambako ilikuwa shida, sitaki kuzisimulia hapa.

Kwa hiyo ndiyo, jivunieni kwenu. Nalisema hili nikiwa na kitambulisho mfukoni, na biashara yangu mwenyewe ambayo hakuna wa kunifukuza. Asiyekuwa navyo akisema Tabora, simlaumu tena. Ila ajifunze kwanza kuitikia mwangaluka.

Kuna jambo jingine, na ndilo lililonifanya niandike. Juzi binti yangu, darasa la nne, alipewa kazi ya kuandika kwao ni wapi. Akaandika Mbagala Rangi Tatu. Kigoma amefika mara moja, mgebuka anasema una miiba. Nilishika kalamu nifute, nimtajie Ujiji, nimtajie meli ya Liemba, nimweleze reli ilifika lini. Nikaikumbuka Urambo. Daftari nimelisaini kama lilivyo.

Msomaji, Mbagala